Majina Yabaki Mlangoni

Kwenye kundi moja la WhatsApp mtu alileta habari ya Zeitz, mji mdogo mashariki mwa Ujerumani, ambako Oktoba 2024 watu waling'oa vijiwe vyote 10 vya kumbukumbu ya Wayahudi wa mji huo waliodhulumiwa na Wanazi, utawala wa Hitler. Jibu la kwanza likaja: makumbusho si wanayo tele, vijiwe vya nini tena? Wengi wakaunga mkono. Jibu lile bado linanichoma.

Vijiwe hivyo, Stolpersteine, vilianzishwa na msanii Gunter Demnig mwaka 1992. Kila kimoja kina sentimita 10 kwa 10 na uso wa shaba ya manjano, maandishi yake yamegongwa kwa mkono: hapa aliishi fulani, kazaliwa mwaka fulani, kachukuliwa lini, kauawa wapi. Hupachikwa njiani, mbele ya nyumba ya mwisho ambayo mtu huyo aliichagua kwa hiari yake. Mwaka 2023 vilifika 100,000. Wayahudi waliouawa na Wanazi ni milioni 6.

Mtu wa Berlin anaweza kwenda makumbusho ya Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi, akalia kwa dhati, kisha akarudi nyumbani akiamini kwamba uovu ule ulitendeka kule Poland, nyuma ya seng'enge, kwa mikono ya watu wenye sare. Kijiwe hakimpi nafasi hiyo. Kinamwonyesha kwamba ulianzia kwenye ngazi hizi hizi anazopanda kila jioni na mfuko wa mikate. Oktoba 1941, kabla treni ya kwanza iliyowahamisha Wayahudi wa Berlin kwa nguvu haijaondoka kituo cha Grunewald, watu walitembezwa kwa miguu kutoka sinagogi la Levetzowstraße hadi kituoni, wakikatiza mitaa ya jiji. Nani hakuwaona? Na walipokwisha kuondoka, vitanda vyao, sahani zao na mashuka yao vilipigwa mnada hadharani. Walionunua ni raia wa kawaida, wengine majirani. Jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na mahali pake pa kusemwa ni pale pale mlangoni, ambapo anayeishi humo leo analazimika kujiuliza nani alishuka na nani alibaki ndani akichungulia dirishani.

Kwa anayeona hayo ni ya Wazungu, aende Berlin, Brunnenstraße 193. Kijiwe cha pale, kilichowekwa 2007, ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyejulikana huko kama Bayume Mohamed Husen. Alipigana upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza akiwa bado mtoto, akaenda Berlin mwaka 1929, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili, lugha hii hii tunayobishana kwayo. Mwaka 1941 walimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Hakuwa Myahudi, na sitaki kuuchanganya msiba wake na wao. Lakini jina lake limehifadhiwa kwa njia waliyohifadhiwa wao. Pale mjini Dar, Sanamu ya Askari imesimama tangu 1927 na haina jina la askari hata mmoja.

Charlotte Knobloch, kiongozi wa Wayahudi wa Munich aliyenusurika utotoni kwa kufichwa, anapinga vijiwe hivi. Anasema majina ya waliokanyagwa yatakanyagwa tena. Mbele ya mtu kama huyo nanyamaza, ingawa moyo wangu haukubali. Munich imevikataa kwenye ardhi ya umma, na tangu 2018 inaweka majina ukutani na kwenye nguzo. Sawa, mradi yawe pale pale nyumbani.

Makumbusho nayo yanahitajika, siwezi kukataa. Pale Auschwitz mafundi wamehangaika kuokoa viatu vya watoto vipatavyo 8,000 visioze, na wanaokana mauaji yale wanastahili kuwekewa ushahidi huo mbele ya macho.

Zeitz walichanga fedha nyingi kuliko zilizohitajika kurudisha vijiwe vyao. Hilo lilinipa nguvu ya kuandika haya.

Ndugu zetu mlioko Ujerumani, kila Novemba 9, kukumbuka usiku wa 1938 masinagogi yalipochomwa, watu hupiga magoti njiani na kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba. Jiungeni nao. Anzeni na vijiwe vya mtaa wenu, someni kila jina kwa sauti, na mkikuta kilichong'olewa, pigeni simu manispaa siku hiyo hiyo.