Kitabu kinaposema 7 na kompyuta ikasema 7.5

Anayeanza kujifunza kuandika programu huambiwa na waliomtangulia: tafuta kitabu, tulia nacho. Ni ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba mara nyingi huja na dharau kwa msaada uliomo ndani ya programu yenyewe, yaani yale maelezo yanayojitokeza kwenye skrini ukiandika amri ya help, kana kwamba kuyasoma ni uvivu. Nadhani dharau hiyo inawaumiza wanafunzi, na Python, moja ya lugha za kuandikia programu, inaonyesha jinsi gani.

Katika Python 2, toleo la zamani la lugha hiyo, ukigawa 7 kwa 2 ulipata 3. Namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili ilitoa namba kamili, sehemu iliyobaki ikatupwa. Mwaka 2001 Guido van Rossum na Moshe Zadka walipendekeza utaratibu huo ubadilishwe, na Python 3 ilipotoka Desemba 2008, 7 kwa 2 ikawa 3.5. Tarehe 1 Januari 2020 waundaji wakaacha kuihudumia Python 2. Vitabu vyake, hata hivyo, bado vinasomwa. Vimo kwenye rafu za maktaba, na nakala za PDF zinapita kutoka simu moja hadi nyingine.

Mabadiliko mengine hujitangaza. Ukinakili print, amri ya kuonyesha kitu kwenye skrini, bila mabano kama kitabu cha zamani kinavyofundisha, Python 3 hukataa papo hapo, na matoleo yake ya karibuni hukwambia wazi kwamba mabano yamekosekana. Ugawanyo haulalamiki. Chukua programu inayopanga wageni 45 kwenye meza za watu 6 na kuhesabu meza zitakazojaa. Kitabu kinasema 7. Kompyuta inasema 7.5, bila onyo lolote, na ile nusu meza inaingia kwenye hesabu inayofuata, kisha inayofuata tena. Huenda programu ikakwama mistari ishirini mbele, mahali pasipohusiana kabisa na ugawanyo. Huenda isikwame kamwe, ikatoa jibu bovu tu. Mwanafunzi afanye nini? Atarudi kitabuni, atasoma ukurasa uleule mara tatu, kisha ataamua kwamba yeye ndiye hajaelewa. Na mwandishi hakukosea: siku aliyoandika, jibu lilikuwa 7. Naung'ang'ania mfano huu kwa sababu nani aliye mgeni wa fani atathubutu kulitilia shaka chapisho na kujiamini mwenyewe?

Msaada wa ndani haumtendi hivyo. Umesakinishwa pamoja na toleo alilonalo. Akiuliza help(print) kwenye Python 3, anaelezwa print ya Python 3. Hahitaji bando, maabara ya shule isiyo na intaneti inautumia sawa na ofisi yenye mtandao wa kasi. Na palepale anapoulizia, ndipo anapoweza kuandika 7/2 akaona jibu kwa macho yake.

Kuna jambo la ziada ambalo halizungumzwi vya kutosha. Tangu mwaka 2001 Python ina doctest, chombo kinachochukua mifano iliyoandikwa ndani ya maelezo, kuiendesha, na kutoa taarifa pale jibu linapotofautiana na lililoandikwa. Kwenye R, lugha ya hesabu za takwimu, vifurushi vinavyopelekwa CRAN, hazina yake ya mtandaoni, huendeshewa mifano ya kurasa zao za msaada kama sehemu ya ukaguzi. Mfano ulioko ukurasa wa 114 wa kitabu hauna wa kuukagua hivyo baada ya kutoka kiwandani.

Wanaotetea kitabu wana hoja nzito, nami siipuuzi. Msaada hujibu swali, haufundishi kuuliza. Asiyejua kwamba kuna orodha na kamusi za data hawezi kuulizia majina yake, ilhali kitabu humshika mkono sura kwa sura. Tena msaada unaweza kuwa mfupi kupita kiasi: help(round) haikwambii kwamba Python 3 hukadiria 2.5 kuwa 2, namba shufwa iliyo karibu. Na lugha inayobadilika polepole hukitunza kitabu chake. Kile cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kuhusu lugha ya C, kilichotoka 1978 kikiwa na kurasa 228 na kurekebishwa 1988, kimefundisha vizazi. Ritchie huyohuyo pamoja na Ken Thompson walitoa mwongozo wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, Novemba 1971, na kurasa za mwongozo huo zikaja kusomwa kwenye karatasi na kwenye skrini pia. Kwa hiyo ningempa mwanafunzi kitabu kwa ajili ya mpangilio, nikamfundisha help siku ya kwanza, na kumwambia kwamba vikipingana, aanze kukishuku kitabu.

Kinachonisumbua upande ninaoutetea ni lugha. Maelezo ya ndani ya Python ni ya Kiingereza. Lakini mwalimu akiandika funksheni zake za darasani, yaani vipande vya programu vyenye majina, na kuweka maelezo ya Kiswahili chini ya jina la kila moja, help itayatoa kama yalivyo. Kitabu cha Kiswahili kinasubiri mchapishaji na fedha. Maelezo hayo yanahitaji mistari mitatu, na yanaweza kusahihishwa kesho asubuhi kabla ya kipindi.