Fedha iliyofungwa pindoni: Mkristo na manunuzi ya pupa

Mahubiri ya kukemea tamaa ya mali huwa na njia moja. Unasomwa Luka 12:15, "uzima wa mtu haumo katika wingi wa vitu vyake alivyo navyo", unafuata mfano wa tajiri mpumbavu na ghala zake, kisha watu wanahimizwa waridhike. Usiku uleule muumini yuko kitandani, ameona viatu Instagram, amemwandikia muuzaji, ameweka namba ya siri yenye tarakimu nne, na fedha imekwenda. Mahubiri aliyasikia na aliyakubali. Ila hayakugusa zile dakika mbili zilizopita kati ya kuona kiatu na kukilipia.

Hapa pana magonjwa mawili, choyo na pupa, yanayotibiwa kwa dawa moja. Tajiri wa Luka 12 hakuwa na pupa hata kidogo. Alikaa, akafikiri, akapanga kubomoa ghala ndogo na kujenga kubwa. Kwa hesabu za leo tungemwita mtu mwenye nidhamu ya fedha, na bado Yesu alimtoa kama mfano wa aliyepotea. Kwa upande mwingine yupo mtu mkarimu, asiyeabudu mali, ambaye kila tarehe 10 hana kitu kwa sababu kila anachokiona anakinunua. Mithali 21:5 inamtaja huyu wa pili kwa jina lake: mawazo ya mwenye bidii huelekea utajiri, "bali ya kila mwenye pupa huuelekea uhitaji". Choyo hukaa moyoni miaka. Pupa huishi dakika chache tu, na anayezipita dakika hizo mara nyingi huwa salama.

Wapo Wakristo wanaosema dawa ni kukata kabisa, na wana historia ya kuonyesha. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwafundisha watu kuungama hadharani, kurudisha walichoiba na kulipa walichokopa. Baadaye nchini Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndugu walioitwa Bazukufu walikwenda mbali zaidi wakaikataa mikopo yenyewe. Wengi waliwaona wakali kupita kiasi. Lakini walikuwa na jambo ambalo sisi tumelipoteza: suala la mtu kudaiwa lilikuwa la ushirika mzima, likisemwa mbele ya ndugu, na si siri ya mtu na simu yake. Mithali 22:7, "akopaye ni mtumwa wake amkopeshaye", waliichukua kama ilivyoandikwa.

Upande wa pili nao una Maandiko. 1 Timotheo 6, sura ileile inayoonya juu ya kupenda fedha, inasema katika mstari wa 17 kwamba Mungu hutupa vitu vyote kwa wingi ili tuvitumie kwa furaha. Mwanamke wa Bethania alimimina marhamu ya thamani ya zaidi ya dinari 300, karibu mshahara wa kibarua kwa mwaka, na waliolalamika ndio waliokemewa. Tena kuna hali halisi ya maisha yetu. Fedha taslimu nyumbani haikai: shangazi ana msiba, jirani ana mgonjwa, mdogo wako anadaiwa ada. Anayekimbilia kununua bati kumi au matofali mia mara tu apatapo fedha huenda anafanya jambo la busara kuliko anayeiacha kwenye simu. Kwa kipato cha kubahatisha, kununua haraka wakati mwingine ndiyo akiba yenyewe. Kumwambia mtu huyu "acha kununua" ni kumnyang'anya njia pekee aliyonayo ya kujenga.

Nawapa haki wote wawili, ila naona wote wanapita kando ya kilichobadilika. Zamani ugumu wa kulipa ulikuwa mlinzi. Ilibidi uende Kariakoo au Gikomba, ubishane bei, uhesabu noti, na ukikosa ulirudi nyumbani. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 iliondoa safari. Fuliza ilipokuja mwaka 2019 iliondoa hata kukosa: salio lisipotosha, mfumo unajaza pengo na muamala unapita, kisha fedha itakayoingia inakatwa kwanza. Tanzania kuna huduma za namna hiyo pia. Sizikatai, zimewatoa wagonjwa hospitalini. Lakini zile dakika ambazo Roho, mke au akili ya kawaida ingesema "ngoja" zimefutwa. Nje ya mitandao hiyo rasmi kukawa na wakopeshaji wa programu za simu wasio na leseni, hata Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2024 ikazipiga marufuku programu 69. Watu wameipa mikopo ya aina hii jina linaloitosha: kausha damu.

Kwa hiyo kazi ni kuzirudisha dakika hizo. Tenganisha laini kwanza. Laini ya kupokelea mshahara au mauzo isiwe ileile ya matumizi. Siku ya mapato, hamishia laini ya matumizi kiasi cha wiki moja tu. Tuseme kipato ni shilingi 600,000 za Tanzania kwa mwezi na chakula, nauli na mambo madogo ni 320,000: kila Jumatatu inahamishwa 80,000, basi. Mpango huu huvunjika kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba laini ya akiba iko kwenye simu hiyohiyo. Iweke kwenye simu ndogo ya vitufe inayobaki nyumbani, au fedha iende kwenye kikoba ambacho hakitoi mpaka siku ya kikao. Huduma ya kujaziwa salio iondoe kabisa kwenye laini ya matumizi. Wengi hawakumbuki hata siku walipojiunga.

Kisha daftari la kusubiri. Andika kitu, bei na tarehe. Chini ya 20,000 kisubiri hadi kesho. Chini ya 100,000, siku saba. Zaidi ya hapo, siku thelathini. Liwe daftari la karatasi, kwa sababu ukiorodhesha kwenye simu unaorodhesha karibu na duka. Kinachowashinda watu hapa ni neno "ofa inaisha leo". Jibu lake ni hesabu: punguzo la 15,000 kwenye kitu cha 60,000 ambacho hukukihitaji asubuhi bado ni 45,000 iliyoondoka.

Malipo ya kidogo kidogo yanadai umakini wa pekee, maana yanaificha bei. Chukua simu ya 450,000 taslimu, inayotolewa kwa kianzio cha 90,000 na 1,800 kila siku kwa mwaka. Elfu moja mia nane haiumi, ni bei ya soda na andazi. Zidisha kwa 365: ni 657,000. Ongeza kianzio, umelipa 747,000. Luka 14:28 inamtaka mjenzi wa mnara aketi kwanza ahesabu gharama, na hiyo "kwanza" ndiyo mkopeshaji asiyoitaka.

Tena bajeti isiyo na fungu la furaha haifiki mwezi wa tatu. Weka hata 15,000 isiyoulizwa na mtu, ya mishikaki, kitenge au zawadi ya mtoto. Mtu aliyejifunga kila kitu siku moja hulipuka, na mlipuko huo hugharimu kuliko miezi yote aliyojinyima.

Linalouma zaidi ni kwamba baadhi ya pupa tunaifundisha kanisani. Sare za kwaya zinabadilishwa kila sikukuu; kamati ya harusi inapandisha kiwango cha mchango; na ahadi zinatolewa kwa kusimamishwa, kipaza sauti kikitaja majina, wakati mtu hajazungumza na mwenzi wake. Huu ni ununuzi wa pupa, na kinachonunuliwa ni heshima. Paulo aliuepuka kwa makusudi. Aliwaagiza Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, "ili kwamba michango isifanyike hapo nitakapokuja". Huenda alijua kwamba akisimama mbele yao watatoa zaidi, na hakutaka kuitumia nguvu hiyo. Mchungaji anayetaka waumini wake wapone pupa angeweza kuanza kwa kugawa bahasha za ahadi zirudi baada ya majuma mawili.

Kumbukumbu la Torati sura ya 14 inaziweka pande zote mbili meza moja. Mwisraeli aliyekaa mbali aligeuza zaka yake kuwa fedha, akaifunga mkononi, akasafiri nayo hadi mahali alipochagua Bwana. Alipofika aliruhusiwa kununua chochote roho yake ilichotamani, ng'ombe, kondoo, hata divai, ale na afurahi na nyumba yake, bila kumsahau Mlawi. Tamaa yake haikukatazwa. Ila fedha ilikuwa imetengwa tangu mavuno, na kati ya kuifunga na kuifungua palikuwa na safari nzima. Bibi zetu waliofunga noti kwenye pindo la khanga, fundo juu ya fundo, walijua kazi ya fundo hilo: kulifungua kulichukua muda, na mbele ya watu.