Kitita cha bolingi hakitanona kabla ukumbi haujajaa

Mwaka wa 1965, Billy Hardwick alishinda Firestone Tournament of Champions, mashindano makubwa ya bolingi (mchezo wa kuviringisha mpira mzito ili kuangusha pini), kule Akron, Ohio, Marekani, akaenda nyumbani na dola 25,000. Mwaka huohuo Jack Nicklaus alishinda Masters, mashindano ya gofu yanayojulikana dunia nzima, akapewa dola 20,000. Naam, bolingi ililipa kuliko gofu. Mwaka wa 2024 bingwa wa Masters, Scottie Scheffler, alipata dola milioni 3.6, naye bingwa wa Tournament of Champions akapata 100,000. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi. Ukizingatia jinsi bei zilivyopanda Marekani, zile 25,000 za Hardwick zingekuwa karibu 250,000 za leo. Maana yake mshindi wa sasa halipwi hata nusu ya alicholipwa Hardwick.

Kuna wanaosema zawadi ipandishwe kwanza, mashabiki watafuata, nao wana hoja. Mchezaji hujilipia nauli, hoteli na ada ya kushiriki, na akishindwa mapema hurudi mikono mitupu. Tom Smallwood aliachishwa kazi katika kiwanda cha magari, akaingia bolingi ya kulipwa, na mwaka wa 2009 akawa bingwa wa dunia wa PBA, chama cha bolingi ya kulipwa cha Marekani, na kupata dola 50,000. Huwezi kumwambia mtu kama huyo asubiri mashabiki waje kwanza.

Lakini donge nono lilishajaribiwa. Mwaka wa 2011 Tournament of Champions ilitoa jumla ya dola milioni 1, na Mika Koivuniemi wa Ufini akazoa 250,000 peke yake. Kiwango hicho hakikudumu, kwa sababu fedha zilimwagwa juu, lakini chini watazamaji hawakuongezeka.

Zamani watazamaji walitoka wapi? Kituo cha runinga cha ABC kilionyesha bolingi ya kulipwa Jumamosi alasiri kuanzia 1962 hadi 1997. Mtazamaji wa Jumamosi alikuwa mchezaji wa ligi siku za kazi, amevaa shati la timu ya kiwandani mwao, na aliujua uzito wa ule mpira mkononi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanachama wa ligi za Marekani walikaribia milioni 9. Leo wamebaki milioni 1 na ushei. Zawadi iliporomoka baada ya umati kutawanyika, na sioni itakavyopanda umati usiporudi.

Ndiyo maana nawaonea uchungu wanaopigania timu za miji na kelele ukumbini, maana husemwa kwamba wanaugeuza mchezo wa ustadi kuwa vurugu. PBA ilianzisha ligi ya timu mwaka wa 2013. Mechi zilipopelekwa Bayside Bowl, mjini Portland katika jimbo la Maine, mashabiki walikaa karibu kabisa na wachezaji, wakishangilia hata mchezaji akiwa ameshanyanyua mpira. Wapenda utulivu walinung'unika. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, bolingi ilikuwa na watu wenye timu yao.

Sisi wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, hatuhitaji kufundishwa hilo. Nenda Malinya, Ikolomani, asubuhi ya mapigano ya fahali. Umande haujakauka, ngoma za isukuti zinalia, vijana wanakimbia na matawi mabichi mkononi, na mzee mmoja anampapasa fahali wake shingoni huku akimnong'oneza. Sijawahi kumsikia mtu kwenye umati ule akiuliza mshindi atapewa shilingi ngapi. Wanauliza fahali ametoka kwa nani, kijiji gani. Fahali wao akikimbia, wanarudi nyumbani kimya kama waliofiwa.

Bolingi ina kikwazo ambacho fahali hawana. Njia ya kurushia mpira hupakwa mafuta kwa mpangilio maalumu, na ustadi wote ni kuyasoma mafuta hayo ambayo mtazamaji hayaoni. PBA iliwahi kuyatia rangi ya buluu ili yaonekane kwenye runinga. Hilo lingepaswa kufanywa kila mechi, kwa sababu ni vigumu kushangilia usichokiona.

Ningependa kila timu iwe na ukumbi wa nyumbani kama Portland, mechi zichezwe kwa zamu mji baada ya mji, na sehemu ya kiingilio iingie moja kwa moja kwenye mfuko wa zawadi. Kumbi hizo ni ndogo, na miaka ya mwanzo mfuko huo huenda ukawa mwembamba kuliko wa sasa. Akina Smallwood wataumia. Kwa hiyo timu ziwalipe wachezaji wao mshahara wa msimu mzima, hata kama bingwa atapata kidogo, ili anayeshika nafasi ya 30 aweze kulipa kodi ya nyumba na kurudi msimu ujao.