Fundi Yuko Njiani

Fundi bomba ameniambia yuko njiani. Kama unaishi Dar es Salaam sina haja ya kukueleza zaidi. Mtu wa mji huu akikwambia yuko njiani, ujue bado anatafuta soksi.

Miadi ilikuwa saa tatu asubuhi, na saa tatu yenyewe aliitaja yeye. Mimi nilipendekeza jioni, nikishatoka kazini. Akasema jioni amebanwa, tuseme saa tatu kamili. Hiyo "kamili" ndiyo iliyoniponza. Nikaenda kwa mkuu wangu wa kazi, mtu mzima na mvi zangu, nikamweleza habari za koki ya bafuni, kwamba inavuja usiku kucha na bili inakimbia. Akanipa ruhusa huku anacheka. Leo nikaoga mapema, nikavaa suruali, nikachomekea shati, nikakaa sebuleni kwangu kama mgeni aliyeleta posa.

Saa tatu ikapita kimya. Saa nne kasoro nikapiga simu, ikaita weee mpaka ikakata. Saa nne na nusu akapokea.

"Bosi wangu, nipo hapa Ubungo, foleni ya leo si ya kawaida."

Nyuma yake jogoo akawika. Sijakaa sawa, mtoto akalia, na mama mmoja akauliza chumvi imewekwa wapi. Jamani, Ubungo! Pale pale walipojenga barabara za juu, moja inapita mgongoni mwa nyingine, wakazifungua 2021 ili foleni ife. Mafundi peke yao ndio hawajapata taarifa. Nikajibu kwa upole, "Sawa fundi, nakusubiri," maana ukimgombeza fundi kabla hajafika, hafiki.

Na kusubiri fundi si kupumzika. Huwezi kulala, atagonga usisikie. Huwezi kwenda gengeni, ndipo atakapokuja, akute mlango umefungwa, akwambie "nilikuja mzee, hukuwepo," na hapo mkosaji ni wewe mpaka kiama. Maji nilishayafunga kwenye mita, kwa hiyo hata chooni mtu anakwenda kwa hesabu. Saa sita simu ikawa haipatikani. Yule dada wa "haipatikani kwa sasa" ndiye pekee mji mzima anayenijibu bila kuchelewa, tena kwa lugha nzuri. Mama watoto akapita na ndoo kichwani, akasema, "Ungemwambia aje alfajiri, saa hizi angekuwa anaingia." Nikajifanya nasoma gazeti. La juzi.

Saa tisa na robo, hodi! Mwenyewe, kibegi mgongoni, miwani ya jua usoni. Maneno nilikuwa nayo, makali, nimeyapanga tangu saa tano. Akaniwahi: "Shikamoo mzee!" Marahaba ikanitoka yenyewe. Na ukishaitika umekwisha, utamfokeaje kijana aliyekuamkia vizuri namna ile? Akaulizia watoto. Akaulizia mama. Akausifia mwembe wa jirani.

Tulipoingia bafuni akachuchumaa, akaigusa koki kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa, akafyonza. Ndiyo desturi yao, lazima kwanza amsikitikie mteja kwa kazi ya fundi aliyetangulia.

"Duh! Mzee, nani alikufungia hii?"

"Wewe."

Kimya. Tukatazamana kupitia kioo cha juu ya sinki.

"Aaah," akasema, "siku ile si nilikwambia hii ni ya kusukumia siku tu?"

Hakuniambia. Aliniambia, "Hii, mzee, mpaka wajukuu wataikuta." Mwanangu mkubwa yuko kidato cha pili.

Basi ikaonekana inatakiwa koki mpya, elbo mbili za nusu inchi na tepu nyeupe. Nikamwambia tepu ninaiona mkononi mwake. Akasema hiyo ni ya kazi nyingine. Nikatoa hela. Akafika mlangoni, akarudi, akaomba na ya bodaboda, ya kwenda duka la vifaa ambalo ukisimama getini kwangu unasoma bango lake. "Nakuja sasa hivi, mzee." Jua limezama. Ameniachia spana juu ya sinki, sijui iwe rehani.

Hela sisemi kitu, hela zangu zimezoea kuliwa. Ila siku ya mtu! Mimi angalau nina mkuu wa kumwomba ruhusa. Jirani yangu anauza chipsi. Akikaa nyumbani kusubiri fundi, siku hiyo hakuna kilichoingia, na fundi anajua, na bado anamwambia saa tatu kamili. Mwambie mtu "leo siji," akalaumu dakika mbili, akaendelea na maisha yake. Ni kazi kubwa hiyo?

Fundi cherehani simgusi leo. Yule mwezi haujaandama, mashehe wenyewe hawajajua Idi ni lini, yeye ameshakuahidi kanzu siku mbili kabla. Ukienda unakuta kitambaa kimo kwenye mfuko uleule uliokuja nao.

Saluni binti anaambiwa njoo saa nne, anakuta watu watatu "wa kumalizia tu." Wa kumalizia wenyewe ndio kwanza wanafumuliwa.

Kliniki, kadi yangu iliandikwa saa mbili asubuhi. Tulipoonyeshana kadi pale kwenye benchi, wote saa mbili, daktari mmoja.

Mwenye nyumba pekee hajawahi kupanga miadi na hajawahi kuchelewa. Kodi ya miezi sita inaisha Jumamosi, Alhamisi yuko mlangoni anakohoa.

Halafu kuna hizi kamati za harusi. Kikao saa kumi jioni, mwenyekiti anaingia saa kumi na mbili, na ajenda ya kwanza ni utoro wa wajumbe. Lakini tarehe ya mwisho ya michango, hiyo haisogei hata kwa mvua. Ikifika, jina lako linabandikwa kwenye grupu na neno "ahadi" pembeni, shangazi zako wote wanaliona. Kadi nayo inasema ukumbini saa 12 kamili jioni. Safari iliyopita mimi nikaamini, nikafika saa kumi na mbili kamili na tai yangu. Nikakuta vijana wanapuliza maputo, na fundi mitambo anaviambia viti vitupu "moja, mbili, moja, mbili." Dada wa mapambo akaniita, "Baba, hebu nishikie hapa," nikasimama nimeshika ncha ya pazia hadi akamaliza ukuta mzima. Maharusi waliingia saa nne kasoro. Chakula kikaitwa karibu na saa sita usiku, meza yetu ya mwisho, na nilipofika kwenye sinia la kuku kijana wa kupakua akaniuliza kadi. Nikamwonyesha. Akaigeuza, akanirudishia.

"Mzee, kuku ni wa dabo. Hii ni singo."