HD kutoka kwenye DVD? Acheni utani

Ukitafuta tu programu ya kuhamisha DVD za familia, linakurukia tangazo lilelile: bofya mara moja, pata HD, ubora haupungui hata chembe. HD itoke wapi? Picha ya DVD ni pikseli 720 kwa 576 kwa mfumo wa video wa PAL, 720 kwa 480 kwa ule wa NTSC. Basi. Ukiikuza hadi mistari 1080 ya HD unapata ukungu uleule, ila mpana zaidi na faili zito. Na huko "kuvunja ulinzi" wanakokutoza hela, DVD ya harusi iliyochomwa nyumbani haina ulinzi wa kuvunjwa.

Ubaya hasa wa programu hizi ni kuchanganya kazi mbili. Kunakili diski ilivyo ni kazi moja, kugeuza video iwe faili la muundo mwingine ni nyingine. Diski za kuchoma huhifadhi data kwenye tabaka la rangi linalochakaa na miaka, na diski iliyochoka huenda isikubali kusomwa tena kesho. Programu inayogeuza moja kwa moja kutoka kwenye diski ikikutana na sekta mbovu (kipande kidogo cha data kisichosomeka), ama inakwama, ama inairuka kimyakimya kisha inakupongeza kwamba kazi imekamilika. Hongera, umepoteza hotuba ya babu.

Kwa hiyo toa kwanza nakala kamili ya ISO, yaani faili moja lenye diski yote kama ilivyo. Kwenye Windows programu ya ImgBurn inatosha kwa diski isiyo na kasoro. Yenye mikwaruzo ipeleke kwenye Linux, utumie ddrescue, programu ya kuokoa data (/dev/sr0 ni draivu ya DVD):

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Hiyo inachota kinachosomeka kwa urahisi. Halafu irudie amri ileile, toa -n, weka -d -r3, nayo itang'ang'ania vipande vilivyobaki. 2048 ndiyo saizi ya sekta ya DVD kwa baiti. Faili la .map usilifute hata kidogo, maana ndilo linalojua palipokwisha kusomwa: unaweza kuhamishia diski kwenye draivu nyingine ukaendelea ulipoishia, na mara nyingi sekta iliyogoma huku husomeka kule. Tenga GB 4.7 kwa diski ya safu moja, 8.5 kwa ya safu mbili.

Diski ikionekana tupu, usiitupe. Huenda mashine iliyorekodi haikuifunga ("finalize"), yaani haikukamilisha kurekodi ili mashine nyingine ziisome. Irudishe kwenye mashine hiyohiyo uifunge.

Sasa ndiyo uje kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, ambayo ni ya bure. Fungua ISO, chagua x264 (kibanaji cha video), RF (kipimo cha ubora) kati ya 18 na 20, sauti ya AC3, ile ya DVD, ipite bila kuguswa. Wengi huharibu kwenye Deinterlace, mpangilio wa kuunganisha mistari ya picha. Video ya kamera za zamani imegawanywa mistari ya shufwa na ya witiri, ndiyo maana mkono ukipungwa unaota meno ya kitana. Hapo chagua kichujio cha Yadif na hali ya Bob, inayotoa fremu mbili kwa kila moja, kisha kasi ya fremu 50 kwa PAL au 59.94 kwa NTSC. Violezo (presets) vingi vya HandBrake vimewekewa kikomo cha 25 au 30, na hapo nusu ya mwendo inatupwa.

Na programu ya MakeMKV, inayohamisha video ya DVD kama ilivyo hadi faili la MKV? Haya, nakiri, ni ya haraka na haigusi picha. Lakini meno ya kitana inakuachia, na MPEG-2, muundo wa video wa DVD, iliyomo ndani ya MKV hukataliwa na simu nyingi.

Faili likitoka, usikague dakika ya kwanza tu. Ruka katikati na mwisho uangalie midomo: sauti ikianza kuachana na picha, kwa kawaida huanzia penye sekta iliyopotea.