Kaezeka bati: kasaidia au kajisaidia?

Barazani Newala nimekuta ubishi. Mama mmoja mbanguaji wa korosho, aliyewakusanya wenzake na kuwatafutia soko, kaezeka bati jipya. "Si alisema anasaidia kina mama?" mzee mmoja akahoji, kana kwamba msaada na bati havikai nyumba moja.

Wasiwasi wake nauelewa. Kusini tumewaona wengi wa kutuhurumia. Hata mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho kabla ya msimu, huja wakati wa njaa na maneno matamu: chukua hela ya kula, utanilipa korosho. Msimu ukifika anapima kwa chombo chake, kwa bei ya kutupa. Ukimlaumu anakwambia alikuokoa, na kwa siku ile hasemi uongo.

Lakini tukianza kupekua mioyo hatumalizi. Mimi natazama kilo. Korosho ghafi kilo nne hadi tano hutoa takriban kilo moja iliyobanguliwa. Kinachobaki ni ganda, na ganda ndiyo kazi yenyewe: kukaanga, kupasua moja moja, kumenya ngozi ya ndani. Sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Kila meli inayong'oa nanga Mtwara na korosho yenye ganda lake imeondoka na ujira wa mtu wa Newala, Tandahimba au Masasi, na hapo hakuna anayeuliza nia ya mwenye meli.

Yule mama nimemwona kazini. Kwanza anajipaka majivu viganjani, maana mafuta ya ganda yanaunguza. Kucha nyeusi tii kama za fundi gereji. Iliyovunjika anaitenga, hiyo bei yake ni ya chini.

Wapo wanaomtaja Muhammad Yunus wa Bangladesh, mshindi wa Nobel ya Amani 2006: biashara ya kijamii haitoi gawio, mwekezaji anarudishiwa mtaji wake tu. Sawa, sharti hilo linamfaa mwenye mshahara kwingine. Ila wanaomtaja huishia hapo. Yunus huyohuyo anakubali faida igawanywe pale wenye biashara wanapokuwa maskini wenyewe.

Nikamuuliza mzee kama anajua wenzake yule mama wanalipwa shilingi ngapi kwa kilo, na nani anashika mizani. Hajui. Mabati alikuwa ameshayahesabu.