Kochi halikuvunjika

Nianze na hilo, maana tangu jana simu yangu haipoi. Kochi la watu halikuvunjika. Na sikulia. Huyo Dalali aliyewarushia sauti ndefu kwenye kundi la wapenzi wa zilipendwa, kwamba nimevunja kochi la watu nikalia, anacheka mpaka anakohoa, alikuwa mlangoni anaongea na simu wakati jambo lenyewe linatokea. Yeye kaona matokeo tu. Mimi ndiye niliyekuwepo, tena kwa uzito wangu wote.

Mnaonifahamu mnajua ugonjwa wangu. Kwa wageni: nakusanya santuri za dansi la zamani, hasa bendi zetu za jazz. Dar es Salaam Jazz iliyoanza 1932, baba yangu hajazaliwa. Morogoro Jazz ya 1944. Kilwa Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz ya 1964 ambayo leo mnaicheza kwa jina la Msondo Ngoma. Chumba cha wageni nyumbani hakijalaza mgeni siku nyingi, kimejaa maboksi. Mke wangu ana jina lake la kuyaita maboksi hayo, siliandiki hapa, kuna watoto.

Kuna sahani moja niliyokuwa naitafuta kuliko zote. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, ile ya 78, yaani ya mizunguko 78 kwa dakika, lebo ya Mzuri iliyokuwa ya duka la Assanand la Mombasa. Marehemu baba aliishi Morogoro ujanani, enzi za Cuban Marimba yenyewe. Mpaka uzeeni, kila akinyoa ndevu lazima aimbe kipande kilekile. Akifika kwenye gitaa analipiga kwa mdomo, povu linaruka kwenye kioo, mama anagomba. Kipande hicho ninacho kichwani kwa sauti ya baba na povu lake. Kwa sauti ya Salum mwenyewe sijawahi kukisikia kwenye sahani yake.

Sasa huyu Dalali kazi yake ni viwanja, ila akipita kwenye nyumba za watu Ilala, Temeke, Magomeni, hupeleleza na masanduku ya marehemu. Jumamosi mchana akanipigia.

"Kaka, kuna bibi huku Magomeni Mikumi. Mumewe alikuwa karani bandarini, mtu wa dansi kwelikweli. Kaacha boksi. Na Mzuri imo."

Nilikuwa Tabata, mezani. Niliondoka na harufu ya samaki kiganjani.

Nyumba ni zile za zamani za Magomeni, baraza mbele, viatu mlangoni, sebule ina feni ya juu inayozunguka inavyotaka. Makochi manne, yote yamevalishwa vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono, vile vyenye pindo la maua. Naomba mvikumbuke vitambaa hivyo. Bi Mkubwa yuko kwenye mkeka anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kaa hapo, chini ya feni, upunge upepo."

Na mkono akanyoosha. Sikujichagulia kiti. Nilielekezwa na mwenye nyumba, kwenye kochi aliloliandaa mwenyewe. Wanaosema sikuangalia ninapokaa waniambie: nani kati yenu huwa anafunua kitambaa cha kochi la ugenini akague chini yake?

Nikageuka, nikashika magoti, nikaanza kushuka. Ninyi wembamba hamlijui hili. Sisi tuliojaaliwa mwili kukaa kwetu ni safari, na ukishavuka nusu hakuna breki. Nilikuwa nimeshavuka nusu nilipohisi kitu. Kigumu. Cha bapa. Kina ubaridi fulani hata kupitia suruali. Nilipata muda wa kujiuliza kama ni sinia. Nilipata hata muda wa kujijibu kuwa sinia lina ukingo na hiki hakina. Kisha ule mlio, mkavu, wa ndani kwa ndani, kama ukoko wa wali chini ya gego. Halafu wa pili, mdogo, wa kumalizia.

Bi Mkubwa hakuinua macho. Redio ya jirani ilikuwa inapiga kelele za mpira. Dalali yuko mlangoni anamwambia mtu kiwanja hakina mgogoro.

Mimi nilijua. Nimeshika santuri miaka yote hii, mlio huo naujua hata usingizini. Maana vijana mnaniuliza santuri inavunjikaje wakati zenu zinapinda tu. Zenu ni plastiki. Santuri ya 45 ukiisahau kwenye jua la Dar inajikunja, na pengine unaweza kuibembeleza ikarudi. Lakini zile za 78 zilikuwa za shelaki, utomvu wa wadudu fulani wa huko India, wanauchanganya na unga wa mawe. Nzito, ngumu, na haijui kupinda. Ukiionea inagawanyika. Plastiki ningeikalia mpaka Idi na pengine ningeamka nayo nzima.

Sasa, mtu mwenye akili angesimama palepale. Najua. Mmeshaniandikia wote. Lakini nilijiambia labda si yenyewe. Labda ni kigae. Labda ni kitabu cha shule cha mjukuu, chenye jalada gumu. Nikasogea kidogo kupima, na kutoka chini yangu kukajibu "kri". Nikatulia. Nikaamua nisipumue sana.

Bi Mkubwa akamtuma mjukuu alete boksi. Na boksi jamani lilikuwa boksi! Santuri za 45 za Mbaraka Mwinshehe, za Morogoro Jazz na za Super Volcano. Western Jazz. Marijani Rajabu. Kwa siku ya kawaida ningekuwa nimepiga magoti sakafuni nazinusa. Nikabaki nimenyoosha shingo kochini, nazipokea moja moja kwa mkono.

Na ili watu wasitazame chini, nikaanza kuhutubia. Nikawaeleza kwamba Radio Tanzania ilikuwa ikirekodi bendi kwenye tepu, lakini santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, ndiyo maana kuzipata hapa ni shughuli. Nikaeleza kwamba Morogoro ilitupa Salum Abdallah na Mbaraka, na ajali za gari zikatunyang'anya wote wawili, 1965 na 1979. Dalali alinitazama kwa mshangao, maana kwa kawaida nikiona boksi huwa bubu.

"Hasa huyo Salum," Bi Mkubwa akasema, na uso ukamchangamka. "Ndiye aliyekuwa wa mzee. Ile ya Salum niliitoa asubuhi, nikaifuta vizuri na kanga, nikaiweka mahali pazuri watoto wasiishike. Sasa niliiweka wapi?"

Mahali pazuri. Mwenyezi Mungu atusamehe sote.

Msako ukaanza. Bi Mkubwa akaingia chumbani. Dada wa kazi akafungua kabati la vyombo. Dalali, ambaye hajawahi kunisaidia kubeba hata boksi moja, siku hiyo ndiyo akawa mpelelezi. Anainua mito, anachungulia nyuma ya televisheni. Na mimi, wallahi, nikasikia sauti yangu inasema, "Mama, jaribuni juu ya friji."

Wakaenda kweli juu ya friji.

Mtu mmoja tu hakutafuta. Mjukuu, wa darasa la kwanza, kashata mkononi, amesimama mbele yangu. Hakusema neno. Anatazama uso wangu, anatazama kochi, anatafuna. Anatazama kochi, anatazama uso wangu, anatafuna. Nimeshawahi kuhojiwa na maofisa wa mikopo, sijawahi kutoka jasho lile.

"Kaka, hebu inuka tuangalie na hapo," Dalali akasema.

"Hapa hakuna kitu."

"Umejuaje?"

"Si ningehisi?"

Hilo ndilo jibu nililotoa. Mlicheke tu.

Hapo ikaadhiniwa alasiri. Msikiti uko nyumba ya tatu, spika yake inaingia mpaka kwenye vikombe. Bi Mkubwa akasema, "Haya wanaume, nendeni mkaswali, tutaendelea mkirudi." Dalali, ambaye nina mashaka kama anaijua hata njia ya msikiti wa mtaani kwao, ghafla akawa sheikh. Akanishika mkono. "Twende kaka, swala haisubiri."

Mngefanya nini? Nikasema kiuno kimenikamata.

Ilikuwa kosa kumwambia mwanamke wa Kiswahili aliyelea watoto na wajukuu kwamba una kiuno. Mchele uliwekwa kando. Msako ukafutwa. Dada akatumwa mafuta ya nyonyo. Jirani wa kiume akaitwa kutoka barazani, pande la mtu, anakuja anakunja mikono ya shati. Bi Mkubwa akatoa amri: "Msimvute. Mshikeni makwapani, mnyanyueni taratibu, alale kwenye mkeka."

"Mama, kimeshapoa."

"Kiuno hakipoi hivyo, mwanangu. Nyamaza."

Wakanishika. Nilijaribu kujifanya mzito zaidi, ikashindikana. Nikaanza kupanda, taratibu kama ilivyoamriwa, na sebule nzima imekaa kimya kwa heshima ya kiuno changu. Kipande cha kwanza kikaanguka kwenye vigae: ting. Kikafuata cha pili. Halafu vingi kwa pamoja. Kitambaa cha kufuma chenyewe hakikuanguka, uzi wake ulinasa kwenye kifungo cha mfuko wangu wa nyuma, kikaning'inia. Na ndani ya uzi huo, mkiani kwangu hasa, kimebaki kipande cha katikati, chenye karatasi ya lebo, hakina hata mkwaruzo.

Mtoto akazunguka nyuma yangu. Akasogeza uso. Ndiyo kwanza wanafundishwa kusoma.

"M-zu-ri," akasoma. Akajiridhisha. Kisha kwa sauti ya darasani: "Mzuri!"

Jirani aliniachia. Kwa hiyo nilikaa tena, na kile cha katikati nacho kikaenda.

Bi Mkubwa alitazama sakafu kwa muda. Kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, umeikalia tangu saa ngapi?"

"Tangu shikamoo, mama."

Mengine ni ya haraka. Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi kwa ile kanga ya asubuhi, kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo ilipoumiza. Nikatoa elfu hamsini, akaikataa. Mwanawe akapiga simu, akaelezwa, akasema mama pokea, akapokea. Zile za 45 akaniuzia kwa bei nzuri, kwa sharti moja: nizihesabie nikiwa wima. Vipande akanifungia kwenye gazeti. Upande wa kwanza wa sahani ile marehemu mumewe alikuwa anaupiga kila Ijumaa jioni, akasema. Nikamuuliza unaimbwaje. Akauimba, akiwa bado anachambua mchele.

Haukuwa wimbo wa baba.

Kwa hiyo bado natafuta. Mwenye Cuban Marimba ya 78 anifuate faragha; nalipa vizuri, nafika popote kuanzia Mbagala hadi Bunju, na chai sihitaji wala kiti. Na Dalali, najua unasoma hapa. Ile asilimia yako nimeikata, nimemnunulia mtoto kashata.